Flashi ya Kali imegoma: maswali kutoka Kondele, Njoro na Kakamega

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinalia kilio kimoja: flashi ya Kali Linux inayokataa kuwaka. Kwa asiyeijua, Kali ni mfumo endeshi wa Linux uliojengwa juu ya Debian. Umekuwepo tangu Machi 2013, hutolewa bure na kampuni ya OffSec, na huja umesheheni zana za kupima usalama wa kompyuta na mitandao. Si lazima uusakinishe. Unaweza kuuendesha kutoka kwenye flashi na Windows yako isiguswe, mradi flashi yenyewe iandaliwe ipasavyo kutoka kwenye faili ya ISO, yaani picha nzima ya mfumo katika faili moja.

Nilipakua ISO ya Kali kwa bando la usiku. Kuinakili kwenye flashi ya GB 32 kulikataa, nikaambiwa faili ni kubwa mno. Nikaifomati flashi kuwa exFAT, ikakubali. Sasa laptopu yangu, HP EliteBook ya ex-UK, haiioni kabisa. Shida ni flashi au laptopu? – Fundi wa simu, Kondele, Kisumu

Hakuna kati ya hizo mbili, fundi. Flashi ilikataa mwanzoni kwa sababu FAT32, mtindo wa kupanga faili uliokuwa kwenye flashi, haipokei faili moja inayofika GB 4, na ISO ya Kali huvuka hapo. exFAT iliondoa kizuizi hicho, ila kompyuta inapowaka haitafuti faili ya ISO. Inatafuta patisheni (kigawanyo cha diski) yenye programu ndogo ya kuanzishia mfumo. Programu hiyo imefungiwa ndani ya ISO, na haitaonekana mpaka ISO iandikwe kwenye flashi yote, biti kwa biti. Kunakili na kuandika ni kazi mbili tofauti.

Kwanza soma jina la faili uliyopakua. Likiwa na neno "live", yaani inayoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ndiyo unayoitaka. Likiwa na "installer", hiyo ni ya kusakinisha kwenye diski tu, na ukiiwasha itakupeleka kwenye maswali ya usakinishaji ambayo mtu mwenye haraka huyajibu mpaka akafuta Windows. "Netinst" nayo ni ndogo, lakini hupakua vitu vingine vyote wakati wa kusakinisha, kwa hivyo bando uliloliokoa utalilipa baadaye.

Pili, hakiki faili. Upakuaji wa usiku hukatika, na faili iliyopungua kidogo hujificha hadi katikati ya kazi. Kwenye Windows fungua Command Prompt katika folda yenye ISO, andika `certutil -hashfile` kisha jina la faili, kisha `SHA256`. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulioko kwenye ukurasa wa kupakulia wa kali.org. Herufi moja tu ikitofautiana, pakua upya, usijaribu bahati.

Sasa andika. Programu ya Rufus inatosha: chagua flashi, chagua ISO, bonyeza START. Itakuuliza utumie ISO Image mode au DD Image mode. Chagua DD. Ile ya kwanza hupangua yaliyomo na kuyapanga upya kwa mtindo wake, na Kali mara nyingine hupotea njia hapo. Ukipenda kitu chenye maswali machache, balenaEtcher hufanya kazi ile ile. Flashi ya USB 2 inayoandika MB 5 hadi 8 kwa sekunde itachukua dakika 10 hadi 15. Ikimaliza, Windows huenda ikakuambia flashi lazima ifomatiwe ndipo itumike. Kataa. Haielewi kilichomo, na ukikubali umefuta kazi yote.

Kwenye EliteBook, zima kabisa huku umeshika Shift unapobofya Shut down, ili Windows isijifiche katika usingizi wa Fast Startup. Washa, gusagusa Esc, kisha F9 uchague flashi. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kali haikubaliani na Secure Boot, kinga inayozuia mfumo usiotambuliwa kuwaka, kwa hivyo ingia F10 uizime. HP nyingi zitakuonyesha tarakimu nne skrini ikiwa nyeusi. Ziandike na ubonyeze Enter, la sivyo badiliko halihifadhiwi. Wengi hudhani ni hitilafu, wanazima mashine, kisha wanashangaa Secure Boot imerudi vile vile.

Angalizo kubwa: kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, kuzima Secure Boot kunaweza kuifanya ikuombe ufunguo wa tarakimu 48. Laptopu za ofisi nyingi ziko hivyo bila mwenyewe kujua. Kabla ya kugusa F10, sitisha BitLocker kutoka Control Panel na uhakikishe ufunguo huo unao mahali pengine, si ndani ya laptopu hiyo hiyo. Rudia hivyo siku ya kuirudisha Secure Boot.

Ikiwaka na ikikuomba jina na nywila, zote mbili ni `kali`. Mwongozo unaokuambia `root` na `toor` ni wa kabla ya 2020.

Flashi yangu inawaka vizuri, lakini kila nikizima laptopu kila kitu kinafutika: nywila ya Wi-Fi, maandishi yangu, hata programu nilizoongeza. Nifanyeje ihifadhi? – Mwanafunzi, Njoro, Nakuru

Kali ya live huendeshwa kwenye RAM juu ya mfumo usioandikika, na RAM husahau stima ikikatika. Unahitaji patisheni ya tatu kwenye flashi hiyo hiyo, yenye jina `persistence`. Flashi ya GB 16 inatosha kuanzia. GB 32 inakupa nafasi ya kupumua.

Washa Kali, fungua terminali, andika `lsblk` ikuorodheshee diski zote. Hapa tulia. Laptopu yenye diski ya NVMe huiita `nvme0n1`, na flashi mara nyingi huwa `sda`. Laptopu yenye diski ya SATA huiita hiyo diski yake `sda`, na flashi huwa `sdb`. Kwa hivyo mwongozo ulionakili kwa rafiki unaweza kuwa sahihi kwake na ukafuta diski yako. Angalia ukubwa, si jina. Tuseme flashi ni `sdb`.

Andika `sudo fdisk /dev/sdb`. Ndani yake bonyeza `n`, kisha `p`, kisha `3`, halafu Enter mara mbili ili ichukue nafasi yote iliyobaki, na umalize kwa `w`. Inaweza kulalamika kwamba diski inatumika. Ni kweli, umeiwashia hapo. `lsblk` isipoonyesha `sdb3`, zima na uwashe, kisha uangalie tena jina la flashi kabla ya kuendelea. Halafu:

`sudo mkfs.ext4 -L persistence /dev/sdb3`
`sudo mkdir -p /mnt/usb`
`sudo mount /dev/sdb3 /mnt/usb`
`echo "/ union" | sudo tee /mnt/usb/persistence.conf`
`sudo umount /mnt/usb`

Makosa hutokea zaidi kwenye mstari wa nne. Kuna nafasi kati ya mkwaju na neno `union`, na jina la faili ni `persistence.conf`, si `persistance`. Ukikosea herufi moja hakuna onyo lolote. Mfumo huwaka kama kawaida na kusahau kama kawaida. Safari inayofuata, kwenye menyu ya kuwashia, chagua mstari wenye neno persistence. Ukiuacha ule wa juu ujichague wenyewe, hakuna kitakachohifadhiwa.

Kama utabeba matokeo ya majaribio ya watu wengine, usihifadhi bila kufunga patisheni kwa nywila. Flashi hupotea kwenye matatu. Kabla ya `mkfs`, fanya `sudo cryptsetup --verbose --verify-passphrase luksFormat /dev/sdb3`, ujibu YES kwa herufi kubwa, uifungue kwa `sudo cryptsetup luksOpen /dev/sdb3 usb`, kisha ufomati na kupachika `/dev/mapper/usb` badala ya `sdb3`. Ukimaliza `umount`, ifunge kwa `sudo cryptsetup luksClose usb`. Kwenye menyu chagua mstari wa Encrypted. Nywila hiyo ikisahaulika, hakuna fundi wa kuirudisha.

Mambo mawili yataiharibu patisheni hii. La kwanza ni kuzima ghafla. Laptopu za ex-UK nyingi zina betri iliyochoka, na stima ikipotea ext4, mpangilio wa faili wa patisheni hiyo, hubaki nusu imeandikwa. Ikianza kukataa, washa Kali bila persistence uendeshe `sudo e2fsck -f /dev/sdb3`. La pili ni `full-upgrade`, amri ya kusasisha mfumo wote. Hujaza flashi, na kerneli (kiini cha mfumo) mpya haitatumika hata hivyo, kwa sababu kompyuta hupakia ile iliyo ndani ya ISO. Ongeza programu unayoihitaji tu. Ukitaka Kali mpya, andika ISO mpya.

Nimenunua flashi ya GB 128 kwa bei ya kutupa. Kuandika kunafika mwisho bila neno, lakini ikiwaka inaandika "Unable to find a medium containing a live file system". Flashi nyingine ya zamani ya GB 8 inafanya kazi. – Msomaji, Kakamega

Flashi hiyo ya bei ya kutupa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zipo flashi ambazo kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya: hudai GB 128 ilhali chipu ni ndogo mno. Data ikizidi ukubwa halisi, huandikwa juu ya data ya mwanzo au hutupwa kimya kimya, na programu ya kuandika huambiwa kila kitu ni salama. Etcher husoma tena baada ya kuandika, kwa hivyo huenda ingekushtua mapema.

Pima. Kwenye Windows tumia H2testw, ambayo hujaza flashi nzima kisha husoma upya. Kwenye Linux sakinisha `f3`, uendeshe `f3write` na `f3read` juu ya folda ya flashi iliyofomatiwa. Flashi kubwa ya USB 2 itachukua saa kadhaa, basi iache usiku. Matokeo yakisema sehemu kubwa imeharibika, irudishie muuzaji pamoja na matokeo hayo. Usishtuke tu ukiona flashi halali ya GB 128 ikionyeshwa kama 119 hivi. Windows huhesabu kwa 1024, mtengenezaji kwa 1000.

Flashi ikipita mtihani, badilisha tundu la USB. Tundu lililolegea huachia kwa sekunde moja, na hiyo yatosha kuleta ujumbe ule ule. Kama uliandika kwa ISO mode ya Rufus, rudia kwa DD.

Laptopu yangu ni ya zamani, ya biti 32, RAM ya GB 1. Kali itaingia? – Bungoma

Hapana. Kali iliacha kutoa picha za biti 32 mwishoni mwa 2024, na GB 1 haitoshi hata hivyo. Tafuta yenye GB 4, angalau 2. Usinunue flashi kwanza.

Nina saiba Nakuru na nataka kupima Wi-Fi yangu. Kadi ya ndani haifanyi kitu. Niliambiwa ninunue TP-Link TL-WN722N, nimenunua, bado. Na je, nikiisha jifunza naweza kujaribu za majirani? – Mwenye saiba, Nakuru

Kifaa hicho cha Wi-Fi cha kuchomeka USB kina sifa, lakini sifa hiyo ni ya toleo la kwanza tu, lenye chipu ya Atheros AR9271. Toleo la 2 na la 3 yana chipu ya Realtek, na sanduku halikupi dokezo usipolisoma kwa makini. Chomeka, andika `lsusb`. Ukiona `0cf3:9271`, una la kwanza. Usipoona, utahangaika na draiva. Kabla ya kununua kingine, muulize muuzaji aina ya chipu badala ya jina la kampuni, na uombe kujaribu dukani: `sudo airmon-ng start wlan0`, kisha `sudo aireplay-ng --test wlan0mon`. Ikiandika "Injection is working!", lipa. AR9271 ni ya 2.4 GHz pekee. Kifaa hicho hakitaiona ruta ya 5 GHz.

Kuhusu majirani, la. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 14, inaadhibu kuingia bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. "Nilikuwa najaribu tu" si idhini. Jirani akikubali, aandike: ruta ipi, tarehe gani, saa ngapi, na atie sahihi. Hata saiba yako ipime ukiwa umefunga, kwa sababu wateja wanaoingia kwenye barua pepe zao hawakukupa ruhusa ya kuzisoma.

`apt update` inaniambia Release file "is not valid yet". Pia kuna ujumbe wa ufunguo. – Maseno

La kwanza ni saa. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao wa laptopu ikifa, tarehe hurudi miaka nyuma, na Kali huona faili za leo kama za kesho. Irekebishe kwa `sudo date -s`, ukifuatisha tarehe na saa ndani ya alama za kunukuu, kisha ubadilishe betri. Na ukirudi Windows ukute saa imerudi nyuma saa tatu kamili, si betri: Linux huandika saa ya UTC kwenye ubao, Windows husoma kama saa ya Nairobi.

La pili, Kali ilibadilisha ufunguo wake wa sahihi, unaothibitisha programu zake, Aprili 2025. ISO ya kabla ya hapo haiujui. Andika mstari huu mmoja:

`sudo wget https://archive.kali.org/archive-keyring.gpg -O /usr/share/keyrings/kali-archive-keyring.gpg`

Nimemaliza na Kali. Flashi yangu ya GB 32 sasa Windows inaionyesha ndogo ajabu. Imekufa? – Homa Bay

Mzima kabisa. Windows inaona kipande tu cha patisheni za Kali. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `diskpart`, kisha `list disk`. Tafuta yenye GB 28 hadi 30. Ukiona 238 au 476, hiyo ni diski ya laptopu. Andika `select disk` na namba ya flashi, halafu `clean`, `create partition primary`, `format fs=exfat quick`, `assign`. Amri ya `clean` haikuulizi kama una uhakika, kwa hivyo rudia `list disk` kabla yake uone alama ya nyota imekaa kando ya flashi.