Nimerudishwa kwa wakala: nimefukuzwa au sijafukuzwa?

Swali: Habari wakili. Niliajiriwa na wakala wa ajira akanipeleka kampuni moja, nimepiga kazi pale mwaka na miezi 8, kitengo kilekile, shifti moja na watu wa kudumu ila mshahara wangu mdogo kuliko wao. Juzi msimamizi kaniambia kesho usije, ongea na wakala wako. Wakala nae anasema hajanifukuza, nisubiri nafasi nyingine itokee atanipigia. Sasa hapo nimefukuzwa au bado? Na hizi sheria za kumlinda mfanyakazi zinanihusu au ni za wale wa kudumu tu?

Jibu: Pole sana ndugu. Hilo jibu la "hatujakufukuza, subiri simu" ni la siku nyingi na mawakala wanalipenda, maana ukishakubali hujafukuzwa basi hakuna notisi, hakuna kiinua mgongo, hakuna cha kulalamikia, unabaki nyumbani unaangalia simu tu. Usilikubali kirahisi hivo. Ila hujasema uko nchi gani na hapo ndo kila kitu kinapobadilika, kwa hiyo ntakueleza mambo yanavyokwenda af we utapima.

Kwanza elewa kwa nini ulipelekwa pale kupitia wakala badala ya kampuni kukuajiri yenyewe. Mtu wa kudumu kumtoa ni shughuli, inatakiwa sababu, notisi, kumsikiliza, malipo, na asiporidhika anaenda mahakamani. Mwajiri akiona hivo anatafuta mlango wa pembeni. Marekani kwa kawaida bosi anaweza kukuachisha bila hata sababu, ila kuanzia miaka ya 70 mahakama za majimbo mengi zikaanza kumbana, na mwanauchumi David Autor kwenye utafiti wake wa 2003 akaonyesha kwamba kubanwa huko kunaweza kueleza mpaka asilimia 20 ya ukuaji wa ajira za mawakala kati ya 1973 na 1995. Yaani ulinzi wa yule wa kudumu mliekuwa shifti moja umechangia wewe kuletwa bila ulinzi. Wapo wanaosema dawa ni kulegeza sheria za wa kudumu, mi sikubaliani nao, mlango wa pembeni unazibwa kwa kumpa haki na huyu anaepitia pale.

Sasa swali kubwa kwenye kesi yako ni mwajiri wako nani kisheria. Toa mkataba wako uusome taratibu, karibu na mwisho utakuta kifungu kinachosema ajira itakoma mteja (yaani ile kampuni uliyopelekwa) akisitisha huduma, au kitu kama hicho. Hicho ndo wanachokitegemea.

Afrika Kusini kifungu hicho hakiwasaidii sana. Tangu marekebisho yaliyoanza 2015, mfanyakazi mwenye kipato chini ya kiwango kilichowekwa akizidisha miezi 3 kwa mteja, na wala hashiki nafasi ya mtu aliyetoka kwa muda, anahesabiwa ni mfanyakazi wa mteja kwa sheria ya mahusiano kazini, na Mahakama ya Katiba 2018 ikasema kwa sheria hiyo mwajiri ni mteja peke yake, sio wawili. Na ninachokipenda zaidi, wakikurudisha ili tu wakwepe hiyo miezi 3, kule kurudishwa kwenyewe kunahesabika ni kufukuzwa. Kwa miezi yako 20 ungekuwa na kesi nzuri tu.

Uingereza mambo ni mengine kabisa. Ukifikisha wiki 12 kazi ileile kwa mteja yuleyule unapata malipo ya msingi na saa za kazi sawa na aliyeajiriwa moja kwa moja, hiyo ipo tangu Oktoba 2011, lakini kulipwa sawa hakukufanyi uwe mwajiriwa wa mteja. Kuna mama alifanya kazi halmashauri moja miaka kadhaa, mwishoni kupitia wakala, akaugua, kurudi anakuta wakala keshapeleka mtu mwingine. Akadai kafukuzwa na halmashauri, Mahakama ya Rufaa 2008 ikasema hapana, hapakuwa na mkataba kati yao. Inauma lakini ndo ilivyo. Ujerumani wao wanahesabu miezi, malipo sawa baada ya 9, na kwa mteja mmoja mwisho 18, ukipitiliza unakuwa wa mteja, ila makubaliano ya vyama vya wafanyakazi yanaweza kubadili hizo namba.

Hiyo hesabu ya muda inachezewa sana. Mtu anapumzishwa kidogo halafu anaitwa tena kama mpya, au anabadilishiwa jina la cheo wakati kazi ni ileile. Sheria nyingi zimeshalijua hilo, Uingereza mapumziko lazima yazidi wiki 6 ndo hesabu ianze upya, Ujerumani yazidi miezi 3. Kwa hiyo wakikwambia "ulikuwa na mapumziko, huna haki" waulize yalikuwa ya siku ngapi.

Cha kufanya wiki hii: muandikie wakala, sio kupiga simu, muulize mkataba wangu bado upo au umekwisha na kama upo nalipwa nini wakati nasubiri. Akijibu umekwisha amekiri, akijibu upo mdai malipo kama mkataba au sheria inayatoa, akikaa kimya tunza nakala. Kusanya slipu za mshahara, ratiba za shifti, meseji za yule msimamizi, kila kinachoonyesha nani alikuwa anakupangia kazi. Na kama wakala alikukata hela ya kukutafutia kazi lete na hiyo, Mkataba namba 181 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa 1997 unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa aina fulani za wafanyakazi au huduma, angalia kama nchi yako imeuridhia. Muda wa kufungua malalamiko ya kufukuzwa sehemu nyingi ni mfupi, unahesabiwa kwa siku au miezi michache, na ukisubiri hiyo simu unaweza kuta umeshapita.