Maharage na tumbo kujaa gesi
Umeuliza kwa nini maharage yanakujaza gesi hata ukiyapika mpaka yakalainika. Chanzo ni aina ya sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, ndipo gesi inapotoka. Yaloweke usiku kucha, na yale maji yenye povu juu yamwage yote. Suuza, bandika na maji mapya. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto, maana yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Tafadhali usiyaache kabisa, yana nyuzinyuzi nyingi mno! Anza na vijiko vichache, tumbo litazoea taratibu.