Nyota za barabara ya Likasi: maswali yenu ya picha za usiku

Kiangazi kikianza, barua zenu huwa zile zile: watu wanasafiri, wanakuta mbingu imejaa nyota, wanapiga picha, wanapata weusi mtupu. Haya, tuendelee.

*Yaya, kamera sina, nina simu tu. Nikienda Likasi kwa bibi nitapata nyota kweli? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)*

Utazipata, mdogo wangu, ila usiishike mkononi. Beba mfuko wa maharagi, kilo moja hivi, uuweke juu ya jiwe, kisha uilaze simu humo, kioo cha kamera kikitazama juu. Maharagi yatajipanga yenyewe na simu haitatikisika. Kama simu yako inakubali kurekebishwa kwa mkono, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 1600 au 3200, muda sekunde 10 hadi 15. Tumia kihesabu cha sekunde 10, ili mtikisiko wa kidole uishe kabla picha haijaanza. Flashi zima kabisa, maana haifiki kwenye nyota, inaangaza majani tu.

Na hata Katuba unaweza kujaribu. Usitoke saa moja jioni, wakati moshi wa mbabula, majiko ya makaa, umetanda juu ya kila uwanja. Ngoja saa nne, watu wamekwisha kula. Umeme ukikatika mtaa mzima, wengine wakilalamika, wewe toka nje mbio.

*Mimi nilitoka mwezi wa tisa, mbingu ilikuwa kama chai ya maziwa. Nilikosea wapi tena? (Ruashi, Lubumbashi)*

Hukukosea kamera, ulikosea mwezi. Kuanzia mwezi wa nane vichaka vya Katanga vinachomwa, na moshi ule hubaki juu mpaka mvua iusafishe. Bora ni mwezi wa tano, wa sita na wa saba. Mwishoni mwa mwezi wa sita, kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza mbingu, kinafika juu kabisa karibu saa sita usiku. Mwishoni mwa wa saba, kabla ya saa nne. Kwetu kinapita karibu na utosi, jambo ambalo wapiga picha wa Ulaya wanapanda ndege kulitafuta.

Angalia pia mbalamwezi. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo siku nne baada ya mwezi mpevu tayari una saa kadhaa za giza mapema usiku. Na vaa koti. Baridi ya mwezi wa sita inamaliza betri upesi. Ya akiba iweke mfukoni, karibu na mwili.

*Nina kamera nzuri, lenzi ya milimita 24, lakini nyota zinatoka kama vijiti, siku nyingine kama pamba.*

Hayo ni magonjwa mawili. Vijiti vinatokana na kuacha kamera wazi muda mrefu mno, na dunia inazunguka. Gawa 500 kwa milimita za lenzi: 500 kwa 24 ni kama sekunde 20. Mimi huishia 15. Kama kamera yako ni ya kihisio kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), zidisha kwanza milimita kwa 1.5.

Pamba ni ulengaji. Gizani kamera haiwezi kulenga yenyewe. Badili ulengaji uwe wa mkono, tafuta nyota kali, ikuze kwenye kioo, zungusha pete polepole mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Halafu bandika pete hiyo kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Siku moja sikubandika. Mkono wa koti langu uligusa pete nilipokuwa nikihamisha stendi, nikapiga picha arobaini za pamba, nikazigundua asubuhi nikiwa nyumbani.

*Niko kwa dada Brussels. Msalaba wa Kusini umeenda wapi?*

Umebaki huku, ndugu. Huko hauchomozi hata siku moja. Badala yake una Nyota ya Kaskazini, ambayo sisi hatuioni. Ielekezee kamera, piga picha mia mfululizo, uziunganishe: nyota zote zitachora vipande vya duara kuizunguka. Ila mwezi wa sita usijisumbue sana, usiku wa huko hauingii giza kamili. Ukirudi, duara lako litazunguka upande wa kusini, juu ya upeo kidogo zaidi ya ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, mahali pasipo na nyota kali yoyote.

*Askari walitusimamisha usiku. Tufanye nini?*

Nenda mchana kwanza, umsalimie shefu wa kijiji, umweleze. Usiielekeze kamera kwenye mgodi, kambi, daraja wala uwanja wa ndege, hata kama Njia Nyeupe imesimama juu yake vizuri namna gani.

*Mwanangu, bibi yetu wa Kalemie alituonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwamba kikitokea jioni tulime. Nawezaje kuwapigia wajukuu picha yake?*

Mama, ngoja mwezi wa kumi na moja. Saa mbili usiku tazama kaskazini-mashariki, katikati ya mawingu ya mvua za kwanza, maana ndiyo majira yake. Mwambie kijana aweke lenzi ya milimita 50, sekunde 8, ISO 3200. Kabla hajabonyeza, wajukuu wahesabu kwa macho: wengi wataona nyota sita. Halafu wahesabu tena kwenye picha.