Mikasi inaota kutu: tuendelee kuloweka kwenye jiki?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Urambo, Tabora. Tangu chuoni tulifundishwa kuloweka vifaa vya kuzalishia kwenye klorini ya 0.5% kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Sasa mikasi inaota kutu, na mwenzangu aliyetoka semina anasema utaratibu huo umeachwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kuhusu utakasaji wa vifaa tiba haupendekezi tena kuloweka kabla ya kuosha. Klorini hula chuma, tena huanzia kwenye kiungio. Halafu ikikutana na damu, nguvu yake huishia humo humo, vijidudu vilivyo chini vikabaki. Baya zaidi, aliyeloweka hujiona kamaliza kazi, akasugua juujuu.

Damu ni kama ukoko wa ugali: ikikauka, utasugua mpaka kesho. Kifaa kikishatumika kipanguse, ukifunike kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida. Si maji ya dripu yenye chumvi. Nayo huleta kutu. Vaa glavu nene, aproni na miwani. Fungua mkasi, uzamishe kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya maji na usugue kwa brashi ya nailoni humo humo ndani, yasije yakakurukia usoni. Kwenye kiungio na meno ya koleo ndiko damu hujificha. Maji ya moto sana huigandisha kama yai, na stili waya huacha mikwaruzo ambayo baadaye huwa maficho ya uchafu. Suuza, kausha, fungasha mkasi ukiwa wazi, kisha otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 30. Pakiti ikitoka na unyevu, irudi. Kitambaa kibichi hupitisha vijidudu.

Ndoo ya klorini msiitupe, ina kazi damu ikimwagika sakafuni. Pangusa kwanza, ndipo umwage klorini na kuiacha dakika 10. Kama chupa ya jiki imeandikwa 3.5%, kopo moja kwa makopo sita ya maji hukupa 0.5%. Changanya upya kila siku, na chupa isikae juani. Harufu si kipimo. Maji yaliyokwisha nguvu bado hunuka.

SWALI: Baba atapasuliwa tumbo hapa Tabora mjini. Tumnyoe nyumbani kwa wembe?

JIBU: Msimnyoe. Wembe huacha vijeraha visivyoonekana, na vijidudu hupitia hapo. Aoge kwa sabuni usiku wa kuamkia upasuaji au asubuhi yake. Nywele zikiwa kizuizi, hospitali itazipunguza kwa mashine.

Wahudumu wa chumba cha upasuaji nao wana la kwao: utafiti uliochapishwa 2022 kutoka nchi 7, Rwanda ikiwemo, ulifuatilia wagonjwa 13,301 wa upasuaji wa tumbo. Timu ilipobadilisha glavu na vifaa kabla ya kushona, walioambukizwa kidonda walishuka kutoka 18.9% hadi 16.0%. Inahitaji seti ya pili ya vifaa safi, iandaliwe mapema.