Jibu: MCA anasema alitia sahihi mkataba wa usiri

Ndugu wa Kisumu, nimekuelewa. Kwenye baraza mliuliza kuhusu ardhi na maji ya kiwanda kinachopangwa kando ya ziwa, na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, akajibu kwamba mkataba wa usiri na mwekezaji unamfunga mdomo.

Karatasi hiyo haiishindi Katiba ya Kenya. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi. Usigombane naye. Mwandikie karani wa bunge, na nakala kwa katibu wa kaunti, ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kiswahili kinakubaliwa, sheria yenyewe inasema hivyo. Taja hati unazotaka: mkataba wenyewe, orodha ya waliotia sahihi, kumbukumbu za kamati. Ukiandika "kila kitu" watakuzungusha. Dai nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana siku 21 za kujibu zinahesabiwa kuanzia hapo.

Kuna siri halali, kama fomula ya bidhaa au bei ambazo mshindani angezitumia. Hizo waachie. Lakini ukubwa wa ardhi ya umma si siri ya biashara, hata wapambe wake waseme nini.

Wakikataa, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ipitie uamuzi huo.

Kama kuna mtu wa ndani anataka kukupa nakala kisirisiri, aone wakili kwanza. Sheria ina kinga kwa wafichuzi, ila kazi yake ndiyo itakuwa hatarini, si yako.