Mizuka ya Birgu: maswali yenu kuhusu mtaa wa mashujaa wa Malta

Juma hili tuko Birgu, mtaa mkongwe unaotazamana na Valletta, mji mkuu wa Malta, bandari ikiwa katikati yao. Maswali ni mengi. Nimechagua yale yanayogusa kiini cha visa vyenyewe.

Hao mashujaa ni akina nani, na Malta walifikaje? (Msomaji, Dodoma)

Ni watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohane, lililoanza kwa kuuguza wagonjwa Yerusalemu, kisha likashika upanga. Sultani Suleiman wa Waturuki aliwashinda katika kisiwa cha Rhodes, makao yao ya wakati huo, mwaka 1522, wakabaki bila makao hadi 1530, mfalme Charles wa Tano alipowapa Malta kwa kodi ya kozi mmoja kila mwaka, yule ndege wa kuwindia. Mji mkuu wa kisiwa ulikuwa Mdina, mbali na pwani. Hawa walikuwa watu wa merikebu, wakaichagua Birgu, wakaimarisha ngome ya St Angelo kwenye ncha yake na kujenga mabweni, kila taifa na lake. Mwaka 1571 makao yao yalihamia Valletta. Kuta na magereza vilibaki Birgu.

Nimesikia kuna mwanamke anayetembea ndani ya ngome usiku. Kisa chake ni nini? (Dada msomaji, Nairobi)

Huyo ndiye Bibi wa Kijivu, mzuka maarufu kuliko yote ya St Angelo. Wanavyosimulia, alikuwa kipenzi cha siri cha mkuu mmoja wa ngome. Alipochoka kufichwa akaanza kudai nafasi yake, yule bwana akaamuru askari wamnyamazishe. Wakamuua, wakamzika ndani ya ukuta. Wengine huongeza kwamba hata hao askari waliuawa ili siri isitoke, na kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 mifupa ya watu watatu ilikutwa katika chumba kilichozibwa.

Jeshi la wanamaji la Uingereza lilikaa katika ngome hiyo hadi mwaka 1979, na mabaharia wake waliondoka na visa vyao. Kimoja ni cha wakati wa Vita Kuu ya Pili: baharia alimwona mwanamke mwenye gauni la kijivu akimpungia mkono amfuate, akatoka, na muda mfupi baadaye bomu likaanguka pale alipokuwa.

Dada yangu, zingatia jambo moja. Mashujaa hawa walikula kiapo cha useja. Mwanamke aliyeishi na mmoja wao hakuweza kuandikwa popote: hakuwa mke wala mjane, na watoto wake wasingekuwa na baba wa kutajwa. Hata mkasa huu ukiwa wa kutungwa wote, hali inayoelezwa ilikuwepo. Kiapo alivunja mwanamume, adhabu akabeba mwanamke. Ndiyo maana naamini watu wa Birgu wamemtunza karne zote hizi.

Mwanangu, vita vikubwa vilipiganwa hapo. Mbona husemi habari za mizuka ya wapiganaji? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo mwalimu. Kweli, damu ilimwagika. Kuanzia tarehe 18 Mei hadi 8 Septemba 1565, jeshi la Waturuki lililozidi watu 30,000 liliizingira Malta. Ngome ndogo ya St Elmo, ng'ambo ya maji, ilianguka tarehe 23 Juni. Maiti za mashujaa kadhaa zilielea hadi Birgu zikiwa zimefungwa kwenye mbao mfano wa msalaba. Mkuu wa shirika, Jean de la Valette, akajibu kwa kuwakata vichwa mateka Waturuki na kuvirusha kwa mizinga kuelekea kambi yao.

Lakini waliofia vitani walipewa misa, makaburi na sifa. Birgu yenyewe ilipewa jina jipya, Città Vittoriosa, yaani mji wa ushindi. Upanga wa de la Valette umehifadhiwa hadi leo karibu na kanisa la Mtakatifu Lawrence. Anayekumbukwa hivyo hana haja ya kumtokea mtu usiku. Mzuka huwa wa yule aliyenyimwa kumbukumbu.

Je, Waislamu waliotekwa na mashujaa hao wana nafasi katika visa hivi? (Msomaji, Zanzibar)

Wanayo kubwa, na swali lako ndilo lililonigusa kuliko mengine. Merikebu za mashujaa zilikamata Waislamu kutoka Afrika Kaskazini na milki ya Waturuki, wakawafanya wapiga makasia, vibarua wa kuta na watumishi wa nyumbani. Desturi za Malta zinasimulia juu ya ħares, roho inayolinda nyumba kongwe, na mara nyingi huonekana kama Mturuki mwenye kilemba. Huwapa pesa wenye nyumba anaowapenda. Wakitoa siri, pesa hugeuka makaa. Maana yake ni kwamba familia za Kikristo ziliendelea kuishi na mtumwa Mwislamu hata baada ya kufa kwake, zikimwogopa na kumtegemea.

Walio hai waliogopwa vilevile. Mahakama ya Kanisa ya kusaka uzushi ilikaa Birgu kuanzia 1574, hadi Napoleon alipowatimua mashujaa mwaka 1798, na jumba lake bado lipo. Mwaka 1605 ilimshtaki mtumwa kutoka Misri, Sellem bin al-Sheikh Mansur, kwa uganga. Miongoni mwa tuhuma zake ni kumfundisha kupiga ramli Vittorio Cassar, mhandisi na mtu wa shirika lenyewe. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa ramli ni kitu gani. Mtumwa asiyemiliki hata mwili wake alikuwa na elimu ambayo mtu wa mabwana zake aliifuata kwa siri. Hii imo katika kumbukumbu za mahakama, na kwangu inatisha kuliko mzuka wowote.

Ni kweli walikuwa na mtaa wa kuuana? (Msomaji, Kampala)

Upo Valletta, ni kichochoro kirefu chembamba. Pambano la upanga la watu wawili lilikatazwa, ila humo lilifumbiwa macho, kwani wangeweza kudai walikutana kwa bahati mbaya. Msafiri Patrick Brydone, aliyepita mwaka 1770, aliandika kwamba palipouawa shujaa palichorwa msalaba ukutani.

Mgeni anaruhusiwa kuingia ngomeni? (Msomaji, Muscat)

Ndiyo. Sehemu ya chini ilifunguliwa kwa umma mwaka 2015 baada ya ukarabati. Ya juu ilirudishwa kwa shirika la watawa hao kwa mkataba wa 1998. Kutoka Valletta unavuka kwa mashua kwa dakika chache. Ukiweza, nenda mwezi Oktoba, kuna usiku ambapo taa za umeme huzimwa na vichochoro vya Birgu humulikwa kwa mishumaa. Ukifika St Angelo, ulizia pia shimo liitwalo guva, jela iliyochongwa ndani ya mwamba.