Kwa Mwanangu: Mbwa Akija Wodini

Mwanangu,

Marahaba. Sote huku Tanga hatujambo, mvua zimeshika vizuri na baba yako anakusalimu sana.

Swali lako nimelipata. Kila wiki huko Canada analetwa mbwa wodini kwenu kuwatazama wagonjwa, kisha anapitishwa chumba cha wauguzi, wenzako wanamzunguka na kumshika masikio, nawe umesimama pembeni na kikombe cha chai. Inchaji wako amekuuliza kwa upole kama unaogopa. Unataka kujua kama hii ni tiba kweli au ni mchezo tu, na wewe, mtoto wa chuoni uliyelelewa na josho saba la kuondoa najisi ya mbwa, ufanyeje.

Nianze na la tiba, maana hilo ni la kazi yetu ya unesi. Mbwa si dawa. Hakuna sukari atakayoishusha wala kidonda atakachokifunga. Lakini mgonjwa ana maumivu na ana hofu, na hofu huyakuza maumivu. Hapo ndipo mnyama anapofanya kazi. Hukohuko kwenu, kwenye idara ya dharura ya hospitali moja ya Saskatoon, watafiti waliwapa wagonjwa dakika 10 za kukaa na mbwa, wengine hawakupewa. Waliokaa naye walisema maumivu yamepungua. Matokeo yakachapishwa 2022. Marekani kuna utafiti wa 2007 wa wagonjwa 76 wa moyo ulioshindwa kazi. Kundi moja lilitembelewa kwa dakika 12 na mtu mwenye mbwa, jingine na mtu peke yake, jingine halikutembelewa. Kundi la mbwa ndilo lililopungukiwa zaidi na presha ya mapafu na homoni za mshtuko. Dakika 12 hazikarabati moyo, sisemi hivyo. Nasema si mchezo mtupu.

Mimi ninachokipenda zaidi ni mazoezi. Unajua mgonjwa wa kiharusi ukimwambia inua mkono mara kumi anavyokutazama, kana kwamba umemtukania mama yake. Sasa mpe brashi amchane mbwa. Vidole vinakunjika kushika mpini, mkono unakwenda mbele unarudi, bega linafunguka, na mwenyewe hana habari kama yuko mazoezini, anaona anamtengeneza mnyama. Kuna wanaomfunga mbwa kamba mbili: moja inashikwa na mwenye mbwa, nyingine na mgonjwa anayejifunza kutembea upya. Mgonjwa anajiona ndiye anayemtembeza mbwa koridoni, kumbe aliyemdhibiti ni mwingine. Ningekuwa na kitu kama hicho enzi zangu, ningepunguza kubembeleza.

Wala usidhani ni jambo la juzi. Mwaka 1944, vitani New Guinea, kulipatikana kijibwa cha kike kwenye handaki, uzito wake hata kilo 2 hakifiki. Mwanajeshi wa Kimarekani William Wynne akamchukua, akamwita Smoky. Wynne alipolazwa kwa homa ya dengi, marafiki zake wakampelekea mbwa wake hospitalini, na manesi walipoona vile wakaomba wampitishe kwa majeruhi wengine. Wengi humtaja Smoky kuwa ndiye wa mwanzo kwenye kazi hii. Angalia nani walioomba: manesi. Huko Canada, shirika la St. John Ambulance lilianza mpango wake wa mbwa hawa mwaka 1992, Peterborough, Ontario, na mbwa wake ndio waliokwenda Saskatoon.

Sasa nije kwa yule bibi wa Kikongo uliyenisimulia, aliyejivuta shuka mpaka puani akakwambia kwa Kiswahili, “Mtoe!”, ukamzuia mwenye mbwa mlangoni, halafu ukakaa unajiuliza kama umeharibu. Hukuharibu. Hiyo ndiyo kazi yako pale, na kwangu mimi ni kubwa kuliko kumpapasa mbwa.

Fikiria siku ya mgonjwa. Anaamshwa alfajiri apimwe joto. Anachomwa sindano, anapewa chakula asichokichagua, anavuliwa nguo mbele ya watu asiowajua. Hakuna hata kimoja anachoweza kukikataa bila kuonekana mkorofi. Akija mbwa, anaulizwa: unamtaka au humtaki? Akisema simtaki, mbwa anageuzwa na hakuna anayenuna. Ndiyo maana mipango iliyo sawasawa huanza kwa kuuliza kabla mbwa hajavuka kizingiti. Mbwa akiingia bila ruhusa, hata awe mpole vipi, mmemwongezea mgonjwa kitu kingine cha kuvumilia.

Na bibi yule ana sababu zake. Wenzako wamekua na mbwa wanaolala kwenye makochi. Sisi tumekua na mbwa wa mtaani na kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Mimi nimewaosha watoto walioumwa, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili mtoto analia, halafu mzazi anaambiwa chanjo imekwisha akatafute mjini. Na nimemwona aliyechelewa. Ukimsogezea kikombe cha maji koo linakaza, macho yanatoka, na kiu anayo. Mtu aliyeyaona hayo kwao hamwoni mbwa mwenye fulana nyekundu kama rafiki, hata ukimwambia ana chanjo zote. Na kweli anazo, bila chanjo asingeruhusiwa kuingia. Waeleze wenzako hivyo, kwa ufupi, wasije wakafikiri bibi ni mshamba.

Kukataa kuna upande wa mbwa pia, na hili huenda hukuliona. Mtazame akiwa amezungukwa na watu. Akipiga miayo na hana usingizi, akijilamba midomo na hakuna chakula, akigeuza kichwa pembeni, amechoka, anaomba kuondoka. Mwenye mbwa anayejua kazi humtoa hapohapo. Miongozo ya kuzuia maambukizi huko Marekani inashauri ziara isizidi saa moja. Ukiona mwenye mbwa anamlazimisha mnyama kwa sababu watu bado wanataka kupiga picha, mwambie inchaji.

La josho sasa. Mimi si mwanachuoni, na huko mna masheikh, kamuulize mmoja. Ila ulichosomeshwa hapa ni madhehebu ya Shafi, ambayo ni miongoni mwa yaliyo magumu kwa mbwa: akikugusa na majimaji, mate au manyoya yaliyolowa, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, hilo nalo ulifundishwa ila watoto mlikuwa mnalala darasani. Wafuasi wa Imam Malik wao wanasema mbwa aliye hai si najisi. Kwa hiyo ukipita karibu naye, au mkia mkavu ukakugusa aproni, usikimbilie kuvua sare. Na kutomgusa si kumchukia. Unaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mwambie inchaji hivi, kwa sauti ya kawaida: “Siogopi, dini yangu ina utaratibu wa usafi kwa mbwa, nitawasaidia kwa mengine.” Basi. Usiombe radhi, wala usitoe darasa.

Mengine yenyewe yapo tele. Simamia mikono: mgonjwa atakase kabla na baada, nanyi pia. Mbwa akipandishwa kitandani, tandika shuka safi chini yake, na lisitumike tena kwa mwingine. Asikaribie kanyula, ule mrija wa dripu mkononi, wala kidonda kilicho wazi, asilambe mtu. Haya si ukali wa bure. Watafiti wa Johns Hopkins waliwafuatilia watoto wenye saratani wanaotembelewa na mbwa, wakakuta waliomkumbatia zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuondoka na bakteria sugu. Hawakusema mbwa wafukuzwe. Walijaribu kumwogesha kwa shampuu ya kuua vijidudu na kumpangusa wakati wa ziara, na hatari ikashuka. Mbwa anahama na vya mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, kama anavyohama nesi asiyenawa.

Kuhusu wenzako na zile dakika zao za kucheza naye, waache. Virginia walipima wafanyakazi wa afya wakaona hata dakika 5 na mbwa zinaweza kushusha homoni ya msongo. Lakini zamu yenye manesi wawili kwa wagonjwa wanaohitaji wanne haiponi kwa mbwa, na mkuu wa hospitali akianza kuwaletea mbwa kila mnapoomba watu wa kuajiriwa, hapo ndipo mseme.

Nawe tafuta dakika zako tano mahali pengine. Kaa chini unywe hiyo chai.

Ile picha ya mbwa juu ya kitanda usimtumie baba yako kwanza. Nitamwandaa taratibu, ukimtumia sasa atapiga simu usiku wa manane wa huko kukuuliza kama shuka lilichomwa moto.

Mama yako